Koili ya Milimita Sita

Mwezi uliopita nilirudisha aproni yangu stoo, nikatia sahihi, na karani akaniuliza kama kuna mali nyingine ya hospitali niliyobaki nayo. Nikamwambia hakuna. Ningeweza kumtajia mgongo wangu, ambao aproni ile iliuharibu polepole, lakini kitabu chake hakikuwa na safu ya mambo kama hayo.

Daktari Zuhura, mkuu wa kitengo chetu, ndiye aliyeniomba niandike haya kabla sijaanza kusahau. Alisema wauguzi wanaoingia sasa wanazijua mashine kuliko sisi tulivyozijua, ila hawajui kwa nini tunafanya mambo fulani kwa namna fulani. Kwa mfano, hawajui kwa nini katika chumba chetu watu wawili lazima wasome kila boksi kwa sauti kabla halijafunguliwa. Wanadhani ni kanuni iliyoshushwa kutoka ofisini. Ilitoka kwangu, na haikutoka kwa wema.

Naitwa Habil Wekesa. Wazazi wangu walitoka Bungoma, lakini mimi nililelewa Makongeni, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako baba alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Tulikuwa watoto sita katika vyumba viwili. Nilisomea uuguzi, nikafanya kazi miaka minane katika wadi ya upasuaji, halafu siku moja nikapewa barua ya kuhamia idara ya eksirei. Niliona kama nimeadhibiwa. Muuguzi wa wadi anawajua wagonjwa wake kwa majina. Muuguzi wa eksirei, nilidhani, kazi yake ni kumwambia mtu avue mkufu.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Sista Penina, muuguzi mkuu wa chumba cha mishipa, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alinivika aproni ya risasi, akaniambia nisimame nayo mpaka saa ya chakula na nisiguse kitu. Nilisimama. Kufikia saa nne mabega yalikuwa yanawaka moto, na kufikia saa sita nilielewa kwamba alikuwa ananipima. Jioni nilipomweleza mama kwamba kazini tunavaa aproni ya risasi, aliacha kusonga ugali, akauliza ni nani anayetupiga. Nilimfafanulia kwamba ni yale madini mazito, yanazuia miale ya eksirei isituingie mwilini. Sidhani aliniamini. Aliendelea kuniombea ulinzi kanisani mpaka alipofariki.

Kazi yenyewe, kwa msomaji ambaye si wa kazi hii, ni hivi. Mtu akivuja damu ndani ya mwili, mahali ambapo si rahisi kupasua, unaweza kumfikia kwa kupitia mishipa yake mwenyewe. Daktari anatoboa tundu dogo kwenye kinena, anaingiza mrija mwembamba uitwao katheta, anausogeza taratibu huku akiufuata kwenye skrini, mpaka ufike kwenye mshipa wenye tatizo. Hapo anauziba. Kuna vitu vingi vya kuzibia, lakini nilivyovishika zaidi ni koili. Koili ni kipande cha waya laini chenye nyuzinyuzi pembeni. Ndani ya katheta kimenyooka. Kikitoka kwenye ncha kinajikunja chenyewe kama springi ndogo, kinashikilia kuta za mshipa, damu inaganda juu yake, na njia inafungwa. Koili ikiwa ndogo kuliko mshipa, haishiki. Inakwenda na damu popote damu inakokwenda.

Sista Penina alinifundisha kabati kabla ya kunifundisha mgonjwa. Wiki mbili nzima kazi yangu ilikuwa kupanga maboksi ya koili kwa saizi, tatu, nne, tano, sita, nane, kumi, huku yeye akipita nyuma yangu na kuyapangua. Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Daktari anataja saizi, wewe unatoa boksi, unasoma kilichoandikwa, unamwonyesha daktari, naye anasoma, ndipo unafungua. Nilipojaribu kumjibu haraka ili anione mwerevu, alinizuia.

"Usiniambie unachokumbuka," alisema. "Niambie kilichoandikwa."

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama aliyejifungua asubuhi katika hospitali nyingine na damu ikakataa kukoma. Alifika kwetu kucha zake zikiwa nyeupe kabisa. Sikuwa na kazi nyingine, kwa hiyo niliambiwa nimshike mkono. Daktari mzee tuliyekuwa naye wakati huo aliingiza dawa ya kuonyesha mishipa, na kwenye skrini nikaiona ikitoka nje ya mshipa na kutapakaa, nyeusi, kila moyo wake ulipopiga. Aliziba upande wa kushoto, kisha wa kulia. Alipoingiza dawa tena, haikutapakaa. Yule mama akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu, mtoto wake amenyonyeshwa na nani. Nilimwambia nitauliza. Nilitoka kwenda kuuliza nikajikuta nimesimama kwenye korido nikijipangusa uso kwa mkono wa koti. Tangu siku hiyo sikuomba tena kurudishwa wadini.

Sitaki mdhani wote walikuwa hivyo. Kuna fundi wa viatu vya akala wa Kariokor, mzee mwenye mikono iliyokaushwa na kukata matairi, ambaye kifua kikuu cha zamani kilimwachia mshipa mbovu kwenye pafu. Alikohoa damu mbele yetu, akafa tukiwa bado tunafungua trei. Sista Penina alituambia tumsafishe wenyewe, tusiite watu wa mochari mpaka awe safi. Baada ya hapo alitandika meza upya, kwa sababu kulikuwa na mgonjwa mwingine anayengoja nje. Nilimchukia kidogo siku hiyo. Baadaye nilipotandika meza hivyo mimi mwenyewe, mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, nilimwelewa.

Daktari Zuhura alikuja nikiwa na miaka mitano chumbani. Alikuwa kijana, amemaliza masomo ng'ambo, lakini alikulia Majengo, Pumwani, na wagonjwa wa huko walimjua kwa jina la bibi yake. Alikuwa na mikono mitulivu. Tulifanya kazi pamoja mpaka ikawa hahitaji kuniambia anataka nini. Akinyoosha mkono, kitu kipo. Watu walitusifu kwa hilo. Ninyi vijana mkianza kusifiwa hivyo, ogopeni.

Halima alikuja kwetu mwaka wa nne wa Daktari Zuhura. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mkazi wa Majengo, fundi wa kushona mikoba ya ngozi katika soko la Kariokor. Tangu utotoni alitokwa na damu puani. Siku hizo akipanda ngazi moja alishika ukuta, na midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Picha ilionyesha kwamba katika pafu lake la kulia mshipa unaopeleka damu ulikuwa umeungana moja kwa moja na mshipa unaoirudisha moyoni. Damu ilipita hapo bila kuchujwa na bila kupata hewa. Kidonge chochote cha damu iliyoganda, au kijidudu chochote, kingeweza kupenya hapo na kufika kwenye ubongo. Mama yake alikuwa amekufa ghafla akiwa na umri mdogo, na Daktari Zuhura alidhani ni ugonjwa huo huo, kwa sababu ni wa kurithi. Aliyemleta Halima hospitali alikuwa kaka yake, Ramadhani, muuza viatu vya mitumba. Alikuwa na mke na mtoto mchanga nyumbani, lakini alikaa kwenye benchi letu siku mbili mfululizo akingoja zamu ya dada yake.

Mshipa tuliotaka kuuziba ulipimwa milimita sita na nusu. Ilihitajika koili ya nane. Siku mbili kabla, shehena mpya ya koili ilikuwa imeletwa, maboksi yote ya rangi moja, tofauti ikiwa ni namba tu. Niliyapanga mimi, kwa haraka, kwa sababu kulikuwa na mgonjwa mezani. Niliweka ya sita mahali pa nane.

Halima alikuwa macho, amechomwa dawa ya ganzi kwenye kinena tu. Daktari Zuhura alifika kwenye mshipa bila shida. Alisema, "Nane." Nilinyoosha mkono kwenye kabati mahali pa nane nikachukua boksi. Akauliza, akiwa bado anaangalia skrini, "Nane?" Nikajibu, "Nane." Sikusoma. Nilimwambia nilichokumbuka.

Koili za siku hizo zilikuwa za kusukuma. Ikishatoka kwenye ncha huwezi kuirudisha. Tuliiona ikitoka, ikajikunja kuwa duara, ikatulia kama kwa pumzi moja. Kisha ikageuka upande, ikapita, ikapotea kwenye skrini.

Hakuna aliyepiga kelele. Daktari Zuhura alisema tu, "Imepita," na mimi nikajua imepita kwenda upande wa moyo unaosukuma damu mwili mzima. Alimwomba Halima aseme jina lake. Halima akasema. Akamwomba ainue mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Akainua. Mpiga picha wa eksirei alisogeza mashine kwenye kichwa, hatukuona kitu. Shingo, hakuna. Tumbo, hakuna. Tuliikuta nyuma ya goti la kulia, imekwama, na mguu chini yake umeanza kuwa baridi. Tulijaribu kuinasa kwa kitanzi cha waya, ikakataa. Daktari wa upasuaji aliitwa, akaitoa kwa kisu. Mguu ulipona. Mshipa wa fahamu haukupona vizuri, na ule mshipa wa kwenye pafu tuliouendea ukabaki wazi kama ulivyokuwa.

Kila koili ina lebo ndogo inayobandikwa kwenye faili la mgonjwa. Nilipobandua lebo niliona namba. Sita. Niliisoma mara tatu, nikiwa peke yangu chumbani na meza chafu. Daktari Zuhura alikuwa ameshatoka kwenda kumwambia Ramadhani kwamba huenda alikosea kupima mshipa. Alikuwa anajilaumu yeye, na hakuna mtu duniani aliyejua vinginevyo ila mimi.

Niliikunja ile lebo nikaitia mfukoni. Boksi nililitupa kwenye pipa na kulifunika kwa karatasi. Saa tatu nzima nilitembea nayo mfukoni. Nilimhudumia mgonjwa mwingine. Nilikunywa chai. Nilijipangia maneno: kwamba kuna shehena mpya, kwamba daktari naye hakugeuka kuangalia. Yote yalikuwa kweli na hayakunisaidia.

Mwisho nilimwendea Sista Penina, aliyekuwa ofisini akijaza ratiba, nikaiweka lebo mbele yake, nikamweleza. Aliivalia miwani.

"Umekuja kwangu ili nikwambie unyamaze au ili nikwambie useme?" aliuliza.

Nilisema sijui.

"Basi mimi si padri. Daktari yuko wadini. Nenda na hiyo lebo kabla hajaandika ripoti."

Nilikwenda. Nilimkuta Daktari Zuhura kwenye meza ya wauguzi, kalamu mkononi. Nilipomaliza kueleza aliishika lebo kwa muda mrefu. Aliniambia kwamba alikuwa amepiga hesabu za kile kipimo mara saba akitafuta kosa lake. Aliibandika lebo kwenye faili, akainuka, akaniambia tunakwenda pamoja.

Halima alikuwa amelala, mguu umefungwa bendeji kuanzia pajani. Ramadhani alisimama dirishani. Daktari alianza kuzungumza, nikamwomba aniachie.

"Daktari aliomba koili ya nane," niliwaambia. "Mimi nilimpa ya sita. Aliniuliza, nikasema nane bila kusoma. Kilichokupata mguuni kimetoka kwangu, hakikutoka kwake."

Halima aligeuza uso ukutani. Ramadhani ndiye aliyesema, polepole, kama mtu anayetaka kuelewa kweli.

"Kusoma kunachukua muda gani?"

"Sekunde mbili," nikamjibu.

"Sekunde mbili." Alirudia hivyo, kisha akauliza tena, "Na ulijua saa ngapi?"

Nilimwambia nilijua nilipoona lebo. Sikumwambia kwamba niliona lebo saa tatu kabla, wala kwamba ilikuwa mfukoni mwangu. Alidhani nimekuja moja kwa moja, nami nikamwacha adhani hivyo.

Ilikuwa saa mbaya ya kumwambia kwamba yeye pia anapaswa kupimwa, lakini Daktari Zuhura hakuwa na njia nyingine, akamweleza kwamba ugonjwa uko katika damu yao. Ramadhani alitusikiliza kwa adabu. Alisema mama yao alikufa bila hospitali, wakaapa kwamba huyu mdogo hatakufa hivyo, ndiyo maana wakamleta kwetu. Akasema yeye tukimtaka tutamkuta sokoni.

Nilipewa barua ya onyo na kuondolewa chumbani. Nilirudi wadini miezi mitano. Katika miezi hiyo ndipo kanuni ya kusoma wawili iliandikwa, na Sista Penina akastaafu. Aliniachia ujumbe kupitia mfagiaji kwamba nikirudi niangalie dripu ya chumba cha pili, inavuja.

Halima hakuja kliniki. Siku ya kwanza aliyopangiwa ikapita, ya pili ikapita, na simu haikushikwa. Jumamosi moja asubuhi nilitembea kutoka Makongeni mpaka Kariokor. Sikumwambia mtu, maana najua ningekatazwa. Nilimkuta kwenye kibanda chake, nyuma ya mikoba iliyotundikwa, kwenye cherehani cha kukanyaga kwa miguu. Alikuwa anakanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake. Wa kulia aliuweka pembeni juu ya kadibodi.

Nilimsalimu. Aliitikia, akanionyesha kigoda, akaendelea kushona.

"Umekuja kuomba msamaha tena?"

"Hapana. Nimekuja kukuomba urudi. Ule mshipa bado uko wazi, Halima."

Alishona mpaka mwisho wa mstari, akakata uzi kwa meno. Akaniambia mguu ule akikanyaga msumari hajui mpaka aone damu sakafuni. Alilazimika kujifunza kushona upya, na mwezi wa kwanza aliharibu ngozi nyingi za watu. Nilisikiliza. Neno la pole nilikuwa nimeshalisema mara nyingi kule wadini, na hapo sokoni niliona halifai kitu.

"Nitarudi," alisema hatimaye. "Lakini nataka uwe ndani wewe. Wakiniwekea mtu ambaye hajawahi kukosea, nitajuaje kama anasoma?"

Daktari Zuhura alilipeleka ombi hilo kwa wakubwa kwa maandishi, na sijui walijadiliana nini, ila nilirudishwa. Siku ya Halima nilisoma kila boksi kwa sauti, naye kutoka mezani, amefunikwa shuka la kijani mpaka kidevuni, alinifuatisha kila namba kwa sauti ya chini. Tulitumia koili tatu. Zilishika. Kabla hatujatoa katheta midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na mpiga picha, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alikuja karibu kuitazama.

Ramadhani hakupimwa. Halima alimsihi miaka mingi. Mimi nilimwendea mara mbili kwenye meza yake ya viatu, na mara zote mbili aliniuzia viatu kwa heshima na kuniaga. Miaka kumi na minne baada ya kosa langu aliumwa kichwa wiki nzima, wakadhani ni malaria. Siku ya nane alianguka kwa kifafa. Ilikuwa jipu kwenye ubongo, la aina ambayo Daktari Zuhura alikuwa ameiogopa tangu mwanzo. Alifariki kabla hawajamfikisha kwenye chumba cha upasuaji.

Alizikwa alasiri hiyo hiyo, makaburi ya Kariokor. Nilisimama nyuma, nje ya safu za wanaume. Siku tatu baadaye nilikwenda kumpa Halima mkono wa tanzia. Alikuwa amekaa na wanawake uani. Alitoka akasimama nami mlangoni, na nadhani aliona nilichotaka kusema, kwa sababu alinitangulia.

"Usijibebeshe yote, Mzee Wekesa. Alikuwa na miguu miwili mizima ya kumleta kwenu."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Alilisema kwa huruma na lilikuwa kweli. Lakini mtu akimwogopa daktari bila sababu, hilo ni lake. Huyu tulimpa sababu. Sehemu yangu ni ipi na yake ni ipi, sijaweza kupima.

Mtoto mchanga aliyekuwa nyumbani wakati ule ni Mwanaidi. Mwaka huu, miezi michache kabla sijastaafu, Halima alikuja naye kliniki. Binti mrefu, anasomea ualimu wa chekechea, damu za puani tangu kidato cha pili, na hakuwahi kumwambia mtu mpaka shangazi yake alipoona foronya yenye madoa. Picha ilionyesha kile tulichokitarajia, kwenye pafu la kushoto.

Alipona, niseme hilo mapema ili msisome kwa wasiwasi. Vifaa vya sasa si vile vya zamani. Tulitumia kizibo cha waya uliosukwa, kilichofungwa kwenye waya mrefu. Ukikiona hakijakaa vizuri unakivuta ndani tena, na hukiachii mpaka uridhike. Daktari Zuhura alikiachia baada ya kukitazama dakika nzima. Mshipa ulifungwa, na Mwanaidi alirudi chuoni wiki iliyofuata. Ninachotaka kuandika ni kilichotokea kabla ya hapo, asubuhi ile, kwenye kile chumba kidogo ambapo wagonjwa hungojea.

Daktari alikuwa ameshamweleza hatari zote na kumwachia fomu ya ridhaa. Niliingia kumpima presha. Halima alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, mkoba wake mapajani.

"Sasa, daktari," Mwanaidi alinisalimu. Miaka yote wagonjwa wameniita daktari, na nilishaacha kuwasahihisha, lakini siku hiyo nilimwambia kwamba mimi ni muuguzi. Akanitazama. "Kuna muuguzi hapa alimharibia shangazi mguu. Si huyo bado yuko?"

"Ni mimi," nikamwambia.

Nikavuta kigoda nikakaa, na nikamweleza. Maboksi ya rangi moja, jinsi nilivyoyapanga vibaya, jinsi nilivyosema nane bila kusoma. Hayo alikuwa ameyasikia nyumbani. Kisha nikamweleza yale ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia nyumbani kwao: kwamba niliikunja lebo na kuitia mfukoni, kwamba nililifunika boksi kwenye pipa, kwamba nilitembea na siri hiyo saa tatu nikimwacha daktari ajilaumu, na kwamba kama si Sista Penina sijui ningefanya nini.

Halima hakuniangalia. Alikuwa ameshika kamba ya mkoba wake, na vidole vyake vilikuwa vinafuata mshono taratibu, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Kwa nini unaniambia hiyo?" Mwanaidi aliuliza. "Ningesaini tu."

"Baba yako aliniuliza nilijua saa ngapi," nilimwambia. "Nilimjibu nusu."

Alimgeukia shangazi yake. Kwenye korido kitanda cha chuma kilisukumwa mpaka mwisho wake. Halima akauweka mkoba sakafuni, akaivuta ile fomu akaisoma mwenyewe, ukurasa wa kwanza na wa pili, bila haraka. Akamrudishia binti.

Mwanaidi aliishika. Aliniangalia mimi, akaangalia mlango wa chumba cha mishipa ambao ulikuwa wazi, taa zimewashwa. Akaomba kalamu.